Niliuza Jina la Tovuti na Jibu la Imelda Ndani

Aibu hii nimeibeba kimya mpaka imenichosha, acha leo niitue hapa mbele yenu, na mkitaka kucheka chekeni tu, maana soko zima la Khayega lilishanicheka kabla yenu.

Mnajua mimi hutengeneza simu pale Khayega, lakini kabla ya simu nilitaka kuwa tajiri wa asali (nyuki walihama wote bila hata kuaga), na kitu pekee kilichobaki cha biashara ile kilikuwa jina la tovuti, Utamu Wetu, ambalo nililipia kila mwaka kama mtu anayelipia nyumba asiyolala, pamoja na anwani ya barua pepe iliyofungwa kwa jina hilohilo. Basi mama mmoja wa Ekero, Mama Zaituni, ambaye yeye na wenzake hupika sukari nguru, akalitaka jina lile, akanitafuta mtandaoni. Hatukujuana na hatukuwa na wakala kati yetu, kwa hivyo tukapatana kama watu: atume nusu, nimpe namba ya siri ya kuhamishia jina, akishaliona liko kwake amalizie. Mama wa watu akatimiza yote, kisha akapiga simu.

"Asalaam aleikum, mwanangu. Umeshatoa vitu vyako vyote humo ndani?"

"Vyote, mama," nikasema, macho yako kwa kioo cha simu ya mteja.

Vyote! Sikuwa nimetoa hata kimoja. Na nilijua vizuri kwamba jina likihama, barua zinazotumwa kwa anwani ile zinamfuata mwenye jina mpya, ila nilijiambia nitaarifu watu jioni, na jioni ikaja na ugali wetu wa obusuma na stori, ikapita.

Sasa shida ni hii: siku chache kabla, nilikuwa nimemwandikia Imelda kwa anwani hiyohiyo. Imelda ni mwalimu kule Lugari, tulikutana kwa harusi ya binamu yangu, na ni mtu asiyependa mambo mazito yaletwe kwa jumbe fupi za simu, akiniambianga, "Kizito, ukiwa na neno la maana, kaa chini uliandike." Nikakaa chini nikaliandika. Nilimwomba anioe, aah, akubali nimuoe (hata sasa nikilitaja ulimi unateleza), na mwishoni nikaongeza kwa ushujaa, "Sitakupigia mpaka unijibu, nisije nikakusukuma."

Nikangoja. Kila asubuhi nafungua simu, hakuna kitu. Katikati ya ngoja-ngoja hiyo Mama Zaituni akatuma ujumbe, "Mwanangu, kuna kitu chako huku," nami moyo ukaniambia huyu amejutia biashara anataka pesa zake, nikaupita kama sijauona. Jumamosi nilienda Malinya kutazama fahali wakipigana, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, watu wakidhani nashabikia fahali, kumbe nilikuwa nalia kivyangu.

Wiki iliyofuata, siku ya soko, akaingia kibandani mama mmoja mwenye leso kichwani, mikono kiunoni.

"Wewe ndiye Kizito?"

"Ndiye, mama. Mulembe. Simu imeharibika?"

"Simu yangu ni nzima. Mimi ni Senge Rispa, shangazi yake Imelda. Wewe ndiye umetuchinjisha ingokho mbili, kuku wa mgeni, Jumamosi, tukakaa na wazee tukitazama barabara mpaka chakula kikapoa?"

Vijana wa boda boda wakazima pikipiki zao ili wasikie vizuri.

"Mama, mimi nimekataliwa," nikasema, na sauti yangu ya Malinya ikatoka kama ya jogoo mgonjwa. "Nimengoja jibu hata la hapana sijapata!"

"Muongo! Alikujibu nikiwa nimeketi kando yake!"

"Alijibu wapi?"

"Kwa hiyo barua pepe yako!"

Hapo ndipo nikakumbuka anwani niliyoiuza pamoja na jina. Nikampigia Mama Zaituni, na kwa sababu Senge alitaka asikie kwa masikio yake, nikaweka simu sauti ya juu, nikauliza kama kuna barua yangu.

"Ipo, mwanangu," Mama akasema. "Niliona jina lako juu nikaifunga, kusoma barua ya mtu si tabia yetu. Nikakutumia ujumbe, ukaninyamazia."

"Samahani, mama. Nakuomba uisome."

"Nisome yote?"

"Yote!" akajibu mtu wa boda boda.

Basi Mama akasoma, polepole, kama anayesoma msikitini: "Kizito, ndiyo. Njoo Jumamosi na wazee wako. Usipige simu, baba hapendi mambo hayo ya simu, anataka kuona mtu. Na tafadhali usivae ile suruali ya kijani, ndugu zangu bado wanaiongelea."

Soko zima likanitazama miguuni. Nilikuwa nimeivaa. Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena maishani, na katikati yake Senge Rispa akapiga vigelegele, akanishika shingo, akaniambia sikioni, "Mtoto amelia siku zote hizi. Jumamosi uje."

Nilienda Jumamosi iliyofuata na wazee wangu, na Mama Zaituni akaja mwenyewe kutoka Ekero kunishuhudia, akabeba sukari nguru kwenye majani ya ndizi, akawaeleza wazee kwamba kijana si mhuni, ni mzembe tu. Babake Imelda alifikiria sana, akasema, "Yaani uliuza nyumba ukiwa bado unangojea mgeni humo ndani."

Kwa hivyo, jamani, atakayeniona nauza tena hata kiti kabla sijasimama, anipige kofi. Mnunuzi akikuuliza kama umetoa vitu vyako, acha kazi, nenda uangalie.

Jumamosi ile, kabla ya chakula, Imelda alikuja kutunawisha mikono. Aliponifikia, macho yamevimba kidogo, hakumwaga maji.

"Niulize kwa mdomo wako."

Nikamuuliza, mbele ya wazee wote. Akainamisha birika, maji yakaanza kumiminika mikononi mwangu, yakiwa na uvuguvugu.

"Nilishajibu," akasema.