Vipande Mia Tisa Vilivyopigwa Pasi

Kwenye daftari la vikao la wapangaji wa jengo moja la ghorofa tatu, ukurasa wa tarehe 3 Mei 2019, kuna mstari ulioandikwa kwa kalamu nyekundu: "Bi Kola, mashada ya milangoni 12, ya namna moja, Ijumaa tarehe 17, saa sita mchana." Chini ya mstari huo kuna saini yake, kubwa, iliyokandamizwa mpaka ukurasa wa nyuma ukapata alama.

Aliikandamiza kwa hasira. Kikao kilikuwa kimekwenda saa mbili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo alikuwa akielezwa kazi yake na mtu asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano.

Mtu huyo ni mwenyekiti wa wapangaji, karani mstaafu wa bohari, anayetembea na futi ya chuma mfukoni jinsi wengine wanavyotembea na leso. Jengo lina milango kumi na miwili, minne kila ghorofa, yote imepakwa rangi ileile ya kijivu, na ngazi zake zina mwanga haba hata mchana. Wapangaji walikubaliana kuivisha milango kufuata misimu: rangi nzito wakati wa baridi, nyepesi wakati wa joto. Mwenyekiti alitaka maua ya plastiki ya dukani.

"Plastiki unaifuta kwa kitambaa, kazi imekwisha," alisema.

"Basi mie nitawatundikia hicho kitambaa," akajibu Bi Kola.

Watu walicheka, yeye hakucheka. Alitaka chumba. Chini ya ngazi kuna stoo yenye dirisha moja, imejaa makopo ya rangi yaliyokauka na mlango uliong'olewa usiojulikana ni wa nani. Kikao kiliamua hivi: akileta mashada kumi na mawili ya namna moja kwa siku na saa aliyotia saini, kazi ya milango itakuwa yake kila msimu, na ufunguo wa stoo atapewa yeye. Akishindwa, plastiki.

Kwa miaka ishirini na sita alishona kola katika kiwanda cha sare za shule. Kola tu. Mikono ilishonwa na mwingine, vifungo na mwingine. Hakuwahi kushona shati zima mpaka mashine ya kola ilipoletwa na yeye akapewa barua na mkono wa kwaheri. Jina la Bi Kola alitoka nalo huko, pamoja na magunia mawili ya vipande vya sare vilivyobaki mezani. Tangu siku hiyo anafanya kazi kwenye meza ya chakula. Mara tatu kwa siku inambidi akusanye kila kitu, aweke sahani, aondoe sahani, atandaze upya. Anasema nusu ya maisha yake imeishia kwenye kutandaza.

Shada lake huanza na waya. Mumewe alifanya kazi ya kupiga pasi kwa dobi miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu alirudi nyumbani na waya za kutundikia nguo zinazotosha mtaa mzima. Bi Kola huzikunjua, huzikunja duara, mbili mbili, moja ndani ya nyingine. Kisha vitambaa. Havikatwi kwa mkasi, huchanwa kwa mkono kufuata uzi, upana wa vidole viwili na urefu wa shibiri, ili kingo zitoe nyuzinyuzi. Shada moja hula vipande mia na themanini.

Lakini siri ya kazi ni makunyanzi. Vipande huloweshwa kwenye maji yenye wanga kidogo, husokotwa kwa nguvu kama mtu anayekamua shuka, hufungwa kamba, kisha huachwa vikauke vikiwa vimejisokota hivyohivyo. Ukivifungua vimejikunja kama uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Vikifungwa kwenye waya vinatuna, vinashikana, na waya hauonekani tena. Kufunga mafundo ni kazi ya saa mbili au tatu. Kukausha, katika msimu wa baridi, ni siku tatu nzima.

Jumatano tarehe 15 alikuwa na mashada saba ukutani: kahawia, kijivu cha sare, nyekundu iliyoiva. Vipande vya mashada matano, mia tisa kwa hesabu, vilikuwa vimekauka ndani ya tenga pembeni ya meza. Uzi ulikuwa umemwishia. Alitoka saa nne kwenda kwa mafundi kununua, akakuta foleni, akakuta fundi mmoja anayetaka kumsimulia ugomvi wake na mkwewe tangu chanzo chake. Alirudi saa nane.

Jambo moja lazima lisemwe kabla hajafungua mlango. Usiku wa kuamkia siku hiyo, akiondoa sahani mezani kwa mara ya tatu, alikuwa amesema kwa sauti ya kusikika: "Nyumba hii nina mume, lakini kazi nina peke yangu."

Mumewe alisikia.

Alipofungua mlango, Bi Kola alimkuta amesimama kando ya meza, mikono nyuma, kifua mbele, kama mwanafunzi aliyetoka wa kwanza. Juu ya meza kulikuwa na mafungu kumi na manane, hamsini hamsini, kingo zimelingana kama noti za benki. Pasi ilikuwa imesimamishwa wima, bado inatoa mvuke. Harufu ya wanga ilijaa chumba.

"Nimekusaidia," alisema. "Vyote. Vilikuwa vimekunjamana vibaya sana, mke wangu, sijui ulivihifadhi vipi. Hakuna hata kimoja kilichobaki."

Bi Kola aliweka uzi chini. Alichukua kipande kimoja akakishika kwa ncha. Kilisimama chenyewe, kama rula.

"Baba watoto," alisema polepole, "wewe umeniona nikivisokota."

"Nimekuona."

"Ukaona navifunga kamba."

"Nikaona."

"Ukafikiri nafanya nini?"

"Nikafikiri unakamua maji."

Bi Kola akakaa. Wengine wakiona tenga la matambara yaliyokunjamana wangepita. Mumewe alilala miaka thelathini na mmoja akiota makunyanzi, na aliyaona kama mganga anavyoona kidonda. Nyumbani kwao hata matambara ya kupangusia jiko yamepigwa pasi na kukunjwa mara nne.

Wifi yake, yaani dada wa mume, mjane anayeishi ghorofa ya kati, aliingia bila kubisha kama kawaida yake. Alitazama mafungu mezani, akamtazama kaka yake, akaelewa.

"Kinyozi kapewa mgonjwa amtibu," alisema, "akamnyoa."

"Wifi, leo sina hamu ya maneno yako."

"Mie sijaja na maneno, nimekuja na sukari. Viloweke tena, si nguo tu?"

Siyo nguo tu, na mwenye pasi ndiye aliyelazimika kueleza, macho yakiwa sakafuni. Kitambaa cha sare kina nailoni ndani yake. Nailoni ikipata moto mkali hushika umbo ililopewa. Ukiilowesha na kuikausha inarudi palepale. Tena alikuwa ametia moto wa mwisho.

"Kwa nini moto wa mwisho?" aliuliza Bi Kola.

"Nilitaka upendezwe."

Bi Kola alijaribu hata hivyo. Alifunga vipande ishirini vilivyonyooka kwenye waya mpya. Vilining'inia kama ndimi za mbwa waliokimbizwa, na katikati waya uling'aa. Akavifungua. Akafunga tena kwa kubana zaidi, waya ukang'aa zaidi. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa, na mambo yakawa yaleyale.

"Miaka ishirini na sita," alisema, bila kumwambia yeyote, "nimeshona kitu cha shingoni mwa watoto wa watu. Nikasema sasa nifanye changu. Kimoja tu. Kizima."

Mumewe alikohoa. "Marinda," alisema.

"Nini?"

"Sketi za marinda. Kule kwa dobi tulikuwa tunayavunja na kuyapanga upya. Siki na maji, kitambaa chenye unyevu juu yake, halafu pasi. Siwezi kukurudishia makunyanzi yako. Lakini marinda naweza kukuwekea, na hayatatoka mpaka siku ya kiyama."

Alipanga vipande vitano kwa pamoja, akavikunja kunjo nyembamba nyembamba kwa kucha, akapitisha siki, akakandamiza. Vilipopoa, Bi Kola alivifunga. Vilitanuka kama feni na waya ukazama.

Vilikuwa vizuri. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Vilikuwa vizuri na havikufanana hata kidogo na yale mashada saba ya ukutani.

"Saba na tano," alisema. "Ya namna moja, nilitia saini. Yule mtu atakuja na futi."

"Ghorofa ina milango mingapi?" aliuliza wifi, akikoroga chai ambayo hakuna aliyemkaribisha.

"Minne."

"Basi mie sikusoma, lakini ungekuwa na manane ya makunyanzi, ghorofa mbili zingefanana. Manne ya marinda unayapeleka juu. Kila ghorofa namna moja."

"Na la nane nilitoe wapi, wifi? Nianze kukausha leo, likauke Jumamosi? Nyumba hii haina kipande cha nguo ambacho kaka yako hajakinyoosha!"

"Kwako," wifi alisema, akainuka. "Kwangu pasi haijawahi kukanyaga."

Alirudi na furushi alilolivuta kutoka chini ya kitanda: mapazia ya pamba, mekundu yaliyofifia, yaliyofungwa fundo tangu mumewe alipofariki, na kukaliwa na masanduku mawili kwa miaka sita. Yalipofunguliwa, mpiga pasi aligeuza uso kama aliyeonyeshwa maiti. Bi Kola aliupitisha mkono juu ya kitambaa, na kwa mara ya kwanza siku ile mabega yake yakashuka. Kilikuwa kimekunjamana kote, kwa kina, bila kukosa pahali.

"Una hakika?" alimuuliza wifi yake. "Haya ni ya marehemu."

"Marehemu ndiye aliyekuwa akiyachukia. Chana."

Walichana. Shada la nane lilikwisha jioni ileile. Alhamisi mume alianza na siki saa moja asubuhi, na kufika saa tisa alikuwa amepitia vipande vyote mia tisa. Viligawanywa kwa mashada manne, mia mbili ishirini na tano kila moja, kwa kuwa marinda hufupisha kitambaa. Siku nzima mke alizungumza naye kwa maneno mawili tu: "lete" na "weka". Chai alimtilia, lakini aliiweka upande ule wa meza ambao mkono wake haufiki.

Ijumaa saa sita kasoro dakika kumi, milango yote kumi na miwili ilikuwa imevaa. Saa sita kamili mwenyekiti alishuka, daftari kwapani, futi mkononi, akaanza na ghorofa ya chini. Alipima kila shada, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. Alifanya vivyo hivyo ghorofa ya kati. Bi Kola, mumewe na wifi walimfuata nyuma. Kule juu, mbele ya mlango wake mwenyewe, alisimama.

"Haya si yale."

"Kipimo ni kilekile," alisema Bi Kola.

"Kipimo ndiyo. Namna siyo. Tuliandika namna moja."

"Kila ghorofa ina namna yake moja, Mwenyekiti."

"Haikuandikwa kila ghorofa, mama. Ningeiandika."

Wifi alikuwa ameegemea ukuta. "Mwenyekiti," alisema, "mwaka jana uliingia kwangu ukijua ni kwako. Ukavua viatu, ukaketi, ukaitisha chai, nami nikakutilia, ukanywa mpaka mwisho ndipo ukauliza pazia lenu limebadilika lini. Sasa ukiona marinda utajua umefika. Sisi tunakufikiria wewe."

Mume wa Bi Kola aliziba mdomo kwa kiganja. Mwenyekiti hakutazama upande wowote. Alifungua daftari akaliegemeza kwenye mlango, chini ya shada, akaandika kwa kalamu nyekundu, akihakikisha kila neno kabla ya kuandika linalofuata. Kisha akampa Bi Kola asome: "Mashada 12 yamepokelewa kwa wakati. Namna mbili. Suala la kazi ya misimu na ufunguo wa stoo lipelekwe kikao cha tarehe 24."

"Kwa hiyo nimepita au sikupita?"

"Umepokelewa," alisema mwenyekiti. "Kupita ni kikao."

"Na plastiki?"

"Plastiki pia ni kikao."

Akaingia kwake, akafunga mlango taratibu, kwa uangalifu ambao si desturi yake, ili shada lisitikisike.

Bi Kola alishuka ngazi kwa hatua nzito. Akipita mlango wa stoo aliusukuma kwa bega, kujua tu. Ulikuwa umefungwa. Nyumbani, mume alikuwa ameshawahi mezani akikusanya vipande vilivyobaki, na mkono wake, bila yeye mwenyewe kujua, ulikuwa unavinyoosha kimoja kimoja kwa kiganja.

"Acha," alisema mkewe.

Akaacha.

Kikao ni Ijumaa ijayo, saa kumi alasiri. Kabla ya hapo, kuanzia Jumatatu, Bi Kola ataanza kuchana vitambaa vya msimu wa joto, vya manjano na vyeupe, kwenye meza ya chakula. Pasi imehamishiwa ghorofa ya kati, kwa wifi yake, na itakaa huko.