Siku Kituo Kilipopata Cheti

Wagonjwa walimwita muuguzi wa kituo chao Sista Sema, kwa sababu hakuna aliyebanduka dirishani kwake kabla ya kusema neno. Ukishameza methadoni yako, dawa ya kuachia unga wa kulevya, unatamka chochote, hata malalamiko, ili ajue hukuificha shavuni ukaiuze nje. Mdogo wake wa mwisho, aliyekuwa ameacha unga na kurudi kuwa mtu, akila na kulala kwake, kila asubuhi dirishani alimwambia, "Dada, leo umenuna." Sista alijifanya kukasirika, lakini siku yake nzima ilinyooka hapo.

Kisha zikaja habari za ukaguzi. Kituo kisipopata cheti, kinafungwa. Mkuu wa kituo, daktari mwenye elimu kubwa na woga mkubwa zaidi, akapaka kuta rangi, akaweka maua ya plastiki, halafu akagundua ni nini hasa kinachoharibu sura ya kituo: wagonjwa. Wanajikuna, wanasinzia, wanagombania foleni. Akaagiza wazuiwe getini mpaka wakaguzi waondoke.

"Daktari, dawa hii haina likizo," Sista akamwambia. "Mdogo wangu yuko hapo nje, ameshaanza kutetemeka."

"Avumilie kidogo, Sista. Haya yote si kwa ajili yao?"

Wakaguzi wakaja, wakanywa chai, wakapima upana wa dirisha, wakavutavuta kufuli la kabati la dawa na kuridhika nalo. Mmoja wao, mwenye tai, akauliza wagonjwa wako wapi.

"Leo wametulia majumbani," mkuu akajibu bila kupepesa macho.

"Safi sana. Vituo vingine ni vurugu tupu."

Sista akasogea mbele. "Wako getini, mheshimiwa, na wanaumwa. Naomba nifungue dirisha."

Mwenye tai akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemwelewesha mtoto. Wakati wa ukaguzi kabati halifunguliwi, akamweleza, kwa usalama wa wagonjwa.

Cheti kikasainiwa palepale, na sifa za ziada kwa utulivu wa kituo. Makofi yakapigwa. Sista hakungoja picha. Alitoka mbio hadi getini. Baadhi ya wagonjwa walikuwa wamejikunyata ukutani wakitapika. Mdogo wake hakuwepo.

"Kaondoka na yule jamaa wa kona anayeuza unga," mlinzi akasema.

Jamaa wa kona hajawahi kukaguliwa, hana cheti, wala hafungi siku yoyote.

"Ukamwacha hivihivi?"

"Nilimsihi asubiri, dada yangu." Mlinzi akainamisha macho. "Akasema leo usimwekee chakula."