Kizibao na Kitako cha Bunduki

Mwanangu alirudi kutoka kwa baba yake Jumapili jioni, akatupa begi kochini, akaniambia kwa furaha kwamba wamekata bunduki ili imtoshe. Nilikuwa napiga pasi. Nikaisahau pasi juu ya sketi yake ya shule mpaka kitambaa kikaanza kunuka.

"Nani amekata?" nikauliza, ingawa nilijua.

Aliyekata ni mke wa baba yake. Ni Mmarekani wa mashambani huko Virginia, amelelewa na baba aliyekuwa akipiga shabaha ya visahani vya udongo kila Jumamosi. Mzee huyo alipofariki alimwachia bunduki yake ya marisau. Yeye hana mtoto. Ana mume aliyekuwa wangu, ana nyumba Herndon yenye gereji kubwa kuliko sebule yangu, na kila wikendi ya pili ana mwanangu wa miaka kumi na miwili.

Bunduki yenyewe siiogopi. Babu yangu alikuwa na gobori la kufukuzia nguruwe shambani. Kilichonichoma ni namna mtoto alivyopimwa.

"She measured my arm," mwanangu akasema, akanionyesha. Unakunja kiwiko, kitako cha bunduki kinakaa kwenye kunjo la mkono, na kidole sharti kifike kwenye triga. Kisipofika, mbao ni ndefu. Basi yule mwanamke akamkunja mwanangu mkono, akaweka alama ya penseli, akatia msumeno kwenye mbao ya marehemu baba yake. Akakata kipande cha upana wa vidole viwili, kisha akaurudishia nyuma ule mpira unaopunguza teke la bunduki.

Sasa mimi ni fundi cherehani. Narekebisha nguo za watu kwenye duka la dobi hapa Germantown, na futi ya kupimia huwa shingoni mwangu hata nikienda kununua mchele. Tangu mtoto huyu azaliwe, hakuna aliyempima mkono, kiuno wala bega ila mimi. Nguo zake nazishona kwa desturi ya kwetu Tanga, nguo za kukulia: naacha pindo nene ndani na kitambaa cha ziada kwenye mishono, ili akirefuka nifumue na kushusha. Nikitaka kujua amekua kiasi gani, siendi kwa daktari, natazama mstari wa pindo la zamani. Leo mwanamke mwingine anamkunja kiwiko na kumchorea penseli!

Nikampigia shoga yangu wa Columbia Heights, tuliyesoma naye.

"Asiye na mwana aeleke jiwe," nikamwambia. "Huyu kaona jiwe zito, kaeleka wa kwangu."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema, "Shoga, una roho ya korosho wewe. Mtoto anapendwa kotekote, unataka nini tena?"

Nilitaka asipendwe kotekote. Nilitaka apendwe na mimi, wengine wamsalimie tu.

Nikamuuliza mwanangu kama wapiga shabaha wana vazi lao. Akasema wapo wanaovaa kizibao chenye kiraka kwenye bega. Basi nikashona kizibao. Nje niliweka kaki nzito, na kwa ndani nikatia bitana ya ile kanga niliyokuwa nikimbebea mgongoni. Begani nikajaza sponji ya kochi, nikaikunja mara mbili. Nilijiambia ni kwa ajili ya teke la bunduki. Ukweli ni kwamba nilitaka kitu changu kikae kati ya bega la mwanangu na mbao ya yule mwanamke, na kiwe kinene.

Zamu yao ilipofika tena, Jumamosi nikaendesha gari mwenyewe hadi kwenye uwanja wa shabaha. Yule mwanamke akaja kunikumbatia, maana yeye ni mtu wa kukumbatia. Baba mtoto alisimama mbali na kikombe chake cha kahawa kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Mwanangu akavaa kizibao. Yule mwanamke akageuza ukosi, akatazama mishono yangu, akaniuliza kwa Kiingereza kama nimeshona kwa mkono wangu. Nikasema ndiyo, nikajisikia vizuri kwa muda mfupi sana.

Mtoto akaenda kwenye mstari. Akaita kirushwe, kisahani kikaruka, akainua bunduki, kitako kikanasa kwapani. Akakosa. Akaita tena, kikanasa tena, akakosa. Wiki mbili kabla yake alikuwa amevunja visahani hadi akarudi anaimba, na sasa vyote vilikuwa vinaangukia majanini vizima. Shavu likamwiva, macho yakaanza kulowa.

"Amechoka huyo," baba yake akasema. Hakuwa na analolijua.

Mimi niliona. Mbao iliyomtosha akiwa na fulana ilikuwa imegeuka ndefu juu ya sponji yangu. Alichokata yule kwa msumeno, mimi nilikuwa nimekirudisha kwa sindano.

Yule mwanamke naye aliona. Akaipokea bunduki, akaifungua, akabonyeza bega la mtoto kwa kidole, na sponji ikazama. Nikasubiri aseme vua hicho. Jibu nilikuwa nalo tayari, na lilikuwa kali.

"Usivue," akamwambia mtoto kwa Kiingereza. "Mama yako amekushonea. Nitaikata tena."

"Lakini ni ya baba yako," mwanangu akasema.

"Ni mbao tu," akajibu, huku kiganja chake kikipapasa kile kitako.

Hapo wivu ulinipanda kuliko siku zote. Hata kwa wema anizidi? Haiwezekani. Nikafungua mkoba, nikatoa mkasi, nikamkalisha mwanangu nyuma ya gari, nikafumua bega palepale na kuing'oa sponji yote. Ikabaki kaki na ile kanga. Mtoto akarudi mstarini, akaita, akainua, na kisahani kikapasuka vipande vipande angani. Akafungua bunduki, akamkabidhi yule mwanamke, ndipo akanikimbilia mimi. Najua ndiyo kanuni ya uwanja, bunduki kwanza. Hata hivyo niliona ni nani aliyefikiwa kwanza.

Tulipokuwa tunafunga vitu, yule mwanamke akanionyesha kitu kwenye mfuko wa bunduki, kimefungwa kwa kitambaa. Ni kile kipande alichokikata. Alikuwa amekitunza ili mtoto akirefuka akirudishe mahali pake. Nikakishika, nikakigeuzageuza. Mbao ya kukulia! Na mtu huyu Tanga hajawahi kuiona hata kwenye ramani.

"Utaniambia akikua?" akaniuliza. "Mimi namwona vipandevipande. Sitajua."

Nikasema nitamwambia. Nilisema kwa sababu mwanangu alikuwa anasikiliza.

Juzi asubuhi, kabla ya basi la shule, mwanangu akasimama mlangoni na magoti yote nje. Nikapiga magoti, nikashusha pindo la sketi, nikauona ule mstari wa zamani umepanda juu. Nikamnyoosha mkono, nikampima. Umerefuka. Alipoondoka nilikaa na futi mapajani, nikifikiria kunyamaza. Nani angejua? Ila bunduki fupi ikipiga teke humgonga mtu pua kwa kidole gumba chake mwenyewe, na pua ile nimeizaa mimi.

Nikampigia yule mwanamke. "Amekua," nikasema. "Rudisha kipande chako."



"Umeona leo?" akauliza.

"Asubuhi hii."

"Una bahati," akasema taratibu. "Wewe huwa unaona kwanza."

Sauti ile ya wivu niliijua. Naishi nayo nyumba moja. Nilikumbuka lile jiwe nililomtwisha nikicheka na shoga yangu, nikakosa pa kuuweka uso wangu, ingawa nilikuwa peke yangu jikoni.

"Njoo Jumamosi," nikamwambia. "Njoo na hiyo bunduki, tumpime pamoja." Kisha nikaona nisijisahau. "Ila futi nitashika mimi."