Mikono ya Mwanaidi

Juzi, kwenye kikao cha walimu, tulijadili kama mtoto mmoja asiyeona vizuri apewe msaidizi wake darasani. Nikakumbuka harufu ya mwani.

Ilikuwa mikononi mwa Mwanaidi, aliyeanika mwani na mama yake kule kisiwani Juani. Utotoni tulikaa dawati moja shuleni, akininong'oneza yaliyoandikwa ubaoni, maana macho yangu yalikuwa hayafiki. Mchana mmoja mwalimu alimleta Bi Somoe. "Huyu ndiye atakayekusomea." Mwanaidi akahamia nyuma. Nilidhani amenichoka; sikujua ameambiwa asinisumbue. Bi Somoe alisoma vizuri, polepole, akinukia sabuni. Nyuma yangu wenzangu walicheka, nami sikujua wanacheka nini.

Kikaoni nikauliza, "Sasa hivi mtoto huyu anakaa na nani?"

Hakuna aliyejua.