Kadena ku Pompi ya Mama Laurentine

Kule Annexe, mutaa yetu ya pembeni ya muji, ukiuliza nani alichimbisha mitaro ya barabara yetu, batakuambia Mama Laurentine. Nani alisimamia salongo, ile kazi ya bote ya kusafisha mutaa, kila siku ya posho, mwisho wa juma, hata wakati banaume balijificha mu nyumba na kusema kichwa inabauma? Yeye tena. Na mutu akikufwa, nani alikuwa wa kwanza kuleta mayi ku kilio, bure, bila kuombwa? Musinichokeshe na maulizo. Njo yeye, paka yeye tu.

Ile mayi ilitoka mu foraji ya baba yake, Godefroid, mutu wa kaskazini mwenye alizeekea mu kazi ya reli. Wakati aliacha kazi, alichimbisha shimo murefu mu lupango yake, mu kiwanja ya nyumba, akatia pompi na tanki, akaanza kuuzisha mayi. Kisha kufwa kwake, kazi ilibakia mu mikono ya batoto wake wawili, Laurentine na mudogo wake Liévin. Liévin alitengeneza mashini, Laurentine njo alitawala. Aliuzisha, ndiyo, lakini mujane hakulipa, na benye kilio habakulipa. Baba yake alikuwa anamuambia, mayi haiyimwe mutu, hata adui.

Sasa, mu mvula ya mwaka huu, kiwanda moja yenye iko huko juu iliachilia mayi yake ya asidi. Ilishuka mu mitaro, ile ile mitaro tulichimba na Laurentine, ikapita mbele ya milango, ikaunguza mboga ya lengalenga mu mashamba. Kisha kidogo, mayi ya foraji ikaanza kuwa kali ku ulimi sawa musumari. Laurentine akatia ile mayi kidogo mu chupa, akaipeleka kupimisha ku labo moja ya mujini. Mwenye labo akamuambia asikunywe, asipikie nayo, na kuichemsha haitasaidia kitu. Alirudia kwa miguu, kichwa inamuzunguka. Asubuhi akafunga kadena, kufuli ya chuma, ku pompi, akaambia batu bote ile mayi iko na sumu.

Eh, batu! Ukimuibia mutu kuku, siku moja atakusamehea. Ukimunyima mayi, hapana. Bamoja balisema kiwanda ilimupa feza ili afunge. Bengine balisema anangojea kiu itukamate sawasawa, kisha apandishe bei. Bamama balienda kuchota mbali, na wakati ya kurudia balipita mbele ya lupango yake bila salamu. Laurentine alienda kushitaki ku biro ya komini, ku serikali ya mutaa, balimuambia arudie kesho, na kesho yake balimuambia vile vile. Kamiyo, motokari kubwa ya kubeba mayi, ilikuya mara moja, benye kuileta balipiga mafoto, na hatukuiona tena.

Hata Liévin alichoka. Yeye iko na batoto ba kulisha, na mashini inalala bure.

"Yaya," akamuambia mukubwa wake, "kiwanda inanyamaza, serikali inanyamaza. Weye njo utatuua na njala?"

Laurentine akamujibu, njala inaponaka, lakini sumu hapana. Liévin akatoka, na tangu ile siku balikula kila mutu na sahani yake.

Mutu mumoja tu alibakia naye: Chisanga, rafiki yake tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza. Huyu mama, na tansiyo yake yote ya damu kupanda, alitembea nyumba kwa nyumba kusema Laurentine hasemake bongo, hadanganyake mutu. Bamoja balianza kumusikia. Kisha, siku moja, tansiyo ikamuangusha Chisanga ku mulango ya jikoni, na hakuamuka tena.

Mawe, mama yangu! Laurentine hakuwa na wakati ya kulia. Kilio bila mayi ni haya kubwa, na ile ya kwake hawezi kuitoa. Akapanda pikipiki, akaenda mpaka mutaa ya Golf, akabisha ku mapoto, milango kubwa ya batajiri, sawa muombaji, na uzee wake wote. Kwa kubembeleza sana alipata mabido mbili, madebe ya plastiki, ya mayi muzuri.

Wakati alirudia, moto ilikuwa inawaka chini ya masufuria, na bamama balikuwa banasonga bukari. Liévin alikwisha kufungua kadena na ufunguo yake mwenyewe, bakachota ile mayi. Aliomba bamwange ile chakula. Shangazi moja wa marehemu akamuuliza, pole pole, tangu lini rafiki analeta njala ku kilio ya rafiki yake. Laurentine akaonyesha mabido yake, akasema yeye atakula yenye itapikwa na hii. Shangazi akajibu, mwenye anakuya na mayi yake ya pembeni, ni sababu anajua sumu iko wapi.

Sababu kwetu, ukikatala chakula ya kilio, ni kusema uko na mukono mu kile kifo.

Njo Sephora, mutoto wa Chisanga, akasimama. Laurentine njo alimubeba ku batizo. Akaleta sahani ya bukari na sombe ya majani ya muhogo, na kopo ya mayi, akapiga magoti mbele yake. Macho ilimuvimba.

"Mama, kula," akamuambia. "Kama haukule, batasema weye njo ulimukula mama. Na miye nitabakia na nani?"

Laurentine akamuangalia murefu. Alijua vizuri kitu gani iko mu ile kopo, na alijua nani anamuangalia. Akamega bukari, akachovya, akameza. Akakamata kopo, akakunywa mpaka chini. Sephora akamulalia ku bega, na bamama bakaanza tena nyimbo. Laurentine alilia mpaka sauti ikamuisha, na batu balizania analilia paka Chisanga.

Asubuhi, mbele ya maiti kwenda kuzikwa ku malalo, mabido ilipangwa toka pompi mpaka ku barabara kubwa. Laurentine akasimama mbele ya benye mabido, akasema ile mayi ni mubaya, musikunywe, batoto basikunywe. Mama moja, mutoto ku mugongo, akamuchekea bila ubaya.

"Mama Laurentine," akasema, "si jana tulikuona?"

Akatia bido yake chini ya robine ya pompi.