Nane Yenye Pengo

Walimwita Daktari wa Chesisi. Gari la zamani la Ulaya, lililoongezwa nguvu na mafundi wa huko, halikuuzwa mjini kabla yeye hajalithibitisha. Safari hii mwagizaji alikuwa kaka wa mkewe.

Daktari akapangusa grisi, akamulika namba ya chesisi, ile inayogongwa kiwandani kwenye fremu ya gari. Nane ilikuwa na pengo, sawasawa na nane ya vyuma vyake vya kugongea namba, ambavyo shemeji huyohuyo aliviazima juzi, eti agongee namba ya geti lake.

“Sema basi, shemeji!” mwagizaji akamhimiza. “Si unaijua kazi hii?”

“Naijua. Hata vyuma vyenyewe ni vyangu.” Akamgeukia mnunuzi aliyekuwa akisubiri kando. “Mzee, usilinunue. Limezaliwa hapahapa.”

Nyumbani mkewe hakuuliza kulikoni. Aliuliza tu, “Ulishindwa nini kunyamaza?”