Hapana ya Petro

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya dizeli, mwanangu, na kwa kicheko changu mwenyewe ambacho mpaka leo kinanitia aibu.

Tulikuwa vijana wawili wapiga mbizi: mimi mwenyeji wa hapa Bagamoyo, na Petro, mtoto wa wakulima wa mananasi kutoka Kiwangwa. Boti ya mizigo ilikuwa imepoteza nanga huko nje, upande wa kwenda Unguja, kwenye kina cha mita hamsini na mbili. Kazi yetu ilikuwa kuifunga nanga kamba na kuitikisa kamba mara tatu, ili watu wa juu wavute kwa mashine.

Mzee Shomari, aliyetufundisha kazi, alikuwa na sharti moja asilolilegeza. Mmoja akisema hapana, hakuna anayezama, wala haulizwi sababu.

Petro akasema hapana. Alitaka tusubiri hadi kesho yake, mitungi yenye mchanganyiko wa heliamu ifike kutoka Dar. Hewa ya kawaida imejaa naitrojeni, nayo huko chini inalevya. Ukipunguza naitrojeni na kuweka heliamu, kichwa kinabaki chako.

Nikamuuliza kwa nini, tena mbele ya watu wa boti.

"Unajijua wewe na Jumamosi zako," nikamwambia. "Mimi tone la pombe halijapita kooni. Huo ulevi wa chini utanipatia wapi?"

Watu wakacheka. Petro akatazama miguu yake, kisha akasema, "Haya, twende." Mzee alikuwa kule mbele na mashine yake, hakusikia. Nilimwambia tumekubaliana.

Ujinga gani ule! Nilidhani gesi inabagua wacha Mungu na walevi.

Tulipofika chini nilijawa na furaha isiyo na sababu. Nanga niliiona pale mchangani. Nikapitisha kamba, nikafunga fundo zuri, nikalikagua na kujipongeza, nikatikisa mara tatu. Kamba ikakaza. Nanga haikuondoka. Aliyeondoka ni Petro, anapandishwa kinyumenyume, mikono inatapatapa, kwa sababu fundo langu nilikuwa nimelifunga kwenye mkanda wa mitungi yake.

Nami nikacheka. Mwenzangu anavutwa juu kwa kasi ya kumpasua mapafu, mimi nacheka.

Kilichomwokoa ni kisu. Naye alikuwa amelewa, alinieleza baadaye, lakini kisu alikishika mkononi tangu tulipogusa mchanga, kwa kuwa hakuniamini. Akakata kamba, akanirudia, akanishika mkanda na kunipandisha. Karibu na mita thelathini akili zikanirudia, na hapo nikaelewa nilichofanya. Tulikuwa bado na vituo vya kusubiri gesi itoke mwilini taratibu, tukaning'inia pale uso kwa uso, dakika baada ya dakika, yeye kashikilia bega lake la kushoto lililoteguka alipovutwa na mimi sina pa kutazama. Nilitamani anipige.

Mzee Shomari alisikiliza yote, wala hakupaza sauti.

"Kulewa kule chini si kosa lako," akaniambia. "Kosa ulilifanya hapa juu, ukiwa na akili timamu."

Petro hakuzama tena. Nilikwenda Kiwangwa kumwomba radhi. Alinisamehe, akanipa na mananasi ya kuwapelekea watoto wangu, akiyabeba kwa mkono wa kulia tu. Nililia njia nzima ya kurudi.

Basi sikia, wewe unayekuja kwangu kujazisha mitungi. Ukipita mita thelathini, anza kuifikiria heliamu. Ukipita arobaini, usibishane nayo. Uamuzi huo ufanye nchi kavu, kwa kina kilichopimwa, maana kule chini kichwa kinachoamua ndicho kinacholewa, na kitakwambia kila kitu kiko sawa. Heliamu nayo ina darasa lake na mahesabu yake ya kupanda. Kama hujayasoma, baki juu. Mitungi ikichelewa, subiri. Nanga haina haraka.

Na mwenzako akisema hapana, vua mitungi, mkanywe chai. Hata kesho, ukiniambia hapana, mimi sitakuuliza.

Mola akushushe salama, akupandishe na akili zako zote, na kila unayezama naye arudi nyumbani na mikono yake miwili.